Kupima Dawa za Miti za Kuzuia Damu: Mpanda na Nchi ya Miombo

Mninga ukipigwa panga hutoa utomvu mwekundu, mzito, unaotiririka polepole na kukauka kuwa ganda la rangi ya kahawia iliyokolea. Katika misitu ya miombo inayoizunguka Mpanda, mti huu unajulikana leo kwa mbao za samani kuliko kwa kitu kingine, lakini ulikuwa dawa kabla haujafika kwenye karakana ya seremala. Utomvu wake umepakwa kwenye majeraha na vidonda, na magome yake yamechemshwa kwa ajili ya wanaotokwa damu puani na wanawake ambao hedhi yao haikatiki. Matumizi hayo yameandikwa katika nchi nyingi za miombo, kuanzia Tanzania hadi kusini mwa Afrika. Yupo atakayesema kuwa rangi ndiyo iliyowapa watu wazo hilo: mti unaotoa damu na utibu damu. Huenda ndivyo ilivyoanza. Hata hivyo utomvu huo umejaa tanini, na tanini hukaza ngozi na kugandisha protini, kwa hiyo wazo hilo halikuwa la bure.

Kujua kama dawa ya namna hii inafanya kazi ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Kidole kikikatwa na kisu, mshipa uliokatika hujibana, chembe sahani hukusanyika kuziba tundu, kisha nyuzi za fibrini hutengenezwa na kuufunga mkusanyiko ule ukawa donge. Kwa mtu mwenye afya kazi hiyo huchukua dakika chache, na hufanyika hata kama hakuna aliyefanya lolote. Ndiyo maana karibu kila kitu kilichowahi kubandikwa kwenye jeraha dogo, yawe majani yaliyofikichwa, utomvu wa mgomba, majivu au tumbaku, kimewahi kusifiwa kuwa kimekata damu. Isitoshe, anayebandika hukandamiza kwa kidole, na kukandamiza peke yake ni tiba. Kupima dawa za damu, tangu zamani hadi leo, ni kutafuta namna ya kutenganisha kazi ya mti na kazi ya mwili wenyewe. Orodha za miti zimekuwa nyingi. Vipimo ndivyo vilivyochelewa.

Mpanda ni mahali pazuri pa kulifuatilia jambo hili kwa sababu maarifa ya tiba hapo yametoka pande nyingi. Nchi yenyewe ni ya Wabende na Wakonongo, Wapimbwe wakiwa kusini na Watongwe magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika. Mji ulikua kwa sababu ya madini. Risasi ilichimbwa Mukwamba, na reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi huo, ambao ulifungwa miaka kumi baadaye. Mgodi ulipokwisha reli ilibaki, na watu walibaki nayo. Kisha wakaja wakimbizi wa Burundi walioyakimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa makazi ya Katumba na, kuanzia 1978, Mishamo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wafugaji wa Kisukuma nao walishuka na ng'ombe wao kutafuta malisho. Majengo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda, ni sehemu ya mji huo wa wahamiaji, ambamo mti mmoja huweza kuwa na majina manne, na jina moja huweza kubeba miti miwili.

Kwa mnunuzi wa dawa hilo la majina ni usumbufu tu. Kwa mpimaji ni hatari. Mninga, ambao wataalamu wa mimea huuita Pterocarpus angolensis, una ndugu yake katika misitu hiyohiyo, mkurungu, Pterocarpus tinctorius, nao pia una utomvu mwekundu. Magome yakishatwangwa na kutiwa kwenye chupa, si rahisi kwa jicho kujua unga huu ni wa nani. Kipimo chochote kilichofanywa kwa unga ambao mti wake haukutambuliwa kwa tawi lenye majani, na maua au matunda, lililokaushwa na kuhifadhiwa, hakiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Tiba ya Kizungu iliingia katika nchi hii kupitia ziwani. Karema, iliyoko ufukweni magharibi ya Mpanda, ilijengwa mwaka 1879 kuwa ngome ya chama cha kimataifa cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika hapo Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri hao huko Algeria na kupelekwa Malta kusomea udaktari. Alitibu Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka sitini mtu aliyejeruhiwa kwa shoka, mkuki au jino la mnyama katika sehemu hiyo ya ziwa alikuwa na mahali pawili pa kukimbilia: kwa mganga wa kijijini na kwa daktari Mwafrika mwenye mafunzo ya Ulaya.

Isifikiriwe kwamba mahali pawili hapo palitofautiana sana katika dawa za damu. Daktari aliyefundishwa Ulaya katika miaka ya 1880 alijua kufunga mishipa na kushona jeraha, na hapo ndipo alipomzidi mganga. Lakini kabati la dawa la wakati ule lilijaa mimea yenye tanini. Mojawapo ilikuwa kino, utomvu mwekundu uliokaushwa, ambao daktari John Fothergill wa London aliuandikia mwaka 1757 kama dawa ya kukaza kutoka Gambia. Uliingia katika vitabu rasmi vya dawa vya Uingereza kabla karne ile haijaisha, na baadaye ikajulikana kuwa unatoka kwenye Pterocarpus erinaceus, mti wa Afrika Magharibi wa ukoo mmoja na mninga. Yaani Ulaya ilikuwa ikinunua kwa meli kitu cha aina ileile ambacho Mkonongo alikipata kwa kupiga panga mti ulio nyuma ya nyumba yake, na wala hapakuwa na upande uliokuwa umekipima.

Vipimo vyenyewe vilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, na havikuzaliwa kwa ajili ya mimea. Mwaka 1910 daktari Mmarekani W. W. Duke alieleza njia ya kutoboa ndewe ya sikio na kugusisha karatasi ya kunyonya kwenye tone la damu kila baada ya nusu dakika. Madoa hupungua ukubwa hadi karatasi inatoka safi, na kwa mtu mzima mwenye afya hilo huchukua kati ya dakika moja na tatu. Mwaka 1913 Lee na White waliipeleka damu kwenye tyubu ya kioo, wakawa wanaiinamisha kila mara hadi inapogeuzwa chini juu bila kumwagika. Mwaka 1935 Armand Quick alikwenda hatua nyingine: alichukua plazma iliyozuiwa kuganda, akaiongezea kalsiamu pamoja na kitu kinachotolewa kwenye tishu, kisha akahesabu sekunde. Vipimo hivi vitatu vinajibu maswali matatu tofauti. Cha Duke kinauliza kama tundu linaziba, cha Lee na White kinauliza kama damu nzima inaganda, na cha Quick kinachunguza kipande kimoja tu cha mnyororo wa kuganda. Dawa ya mti inaweza kufaulu katika kimoja na kushindwa katika kingine, jambo ambalo wasomaji wa tafiti hulisahau upesi.

Wakati vipimo hivyo vikienea katika hospitali za Ulaya na Marekani, serikali ya kikoloni Tanganyika ilikuwa na mambo mawili ya kushughulika nayo kuhusu dawa za miti: kuziorodhesha na kuzitilia shaka. Wajerumani walikuwa wamefungua taasisi ya utafiti Amani, milimani Usambara, mwaka 1902, na kwa muda mrefu mimea ya nchi ilichunguzwa hapo kwa jicho la kilimo kwanza. Sheria ya uchawi ya Waingereza ya mwaka 1928 iliwaweka waganga mahali pa wasiwasi. Mtu mwenye mizizi kwenye mfuko alilazimika kuwa mwangalifu aulizwapo ni ya nini. Orodha hata hivyo ziliendelea. P. R. O. Bally alichapisha yake juu ya mimea ya dawa na ya sumu ya Afrika Mashariki mwaka 1937. Watt na Breyer-Brandwijk walitoa kitabu kikubwa juu ya kusini na mashariki mwa Afrika, ambacho toleo lake la pili ni la 1962. Mwaka 1964 Haerdi alichapisha utafiti wake wa mimea ya waganga wa Ulanga, na mwaka 1976 John Kokwaro wa Nairobi akatoa kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Ni kazi za thamani, lakini zinafanana: jina la mti, jina la kabila, sehemu inayotumika, ugonjwa. Neno "huzuia damu" linapotokea ndani yake ni habari ya kile watu wanachofanya. Matokeo ya jaribio ni jambo jingine.

Magharibi ya Mpanda, katika milima ya Mahale, jambo hili lilichukua njia isiyotarajiwa. Watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza kuwachunguza sokwe huko mwaka 1965, na wenyeji wao walikuwa Watongwe, ambao elimu yao ya mimea iliwashangaza wageni kiasi kwamba mwaka 1981 Nishida na Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Mtongwe mmoja, Mohamedi Seifu Kalunde, alifanya kazi na Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Mwaka 1987 wawili hao walimwona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa akimenya vichipukizi vya mjonso, Vernonia amygdalina, na kunyonya maji yake machungu. Kalunde aliujua mti huo kuwa dawa ya tumbo. Siku iliyofuata sokwe yule alionekana amepata nguvu. Makala yao ya mwaka 1989 ina majina yote mawili kama waandishi, heshima ambayo wenyeji wengi walioonyesha miti kwa wageni hawakuipata.

Kutoka katika ukoo huohuo yamehifadhiwa masimulizi yanayohusu damu moja kwa moja. Babu yake Kalunde, aliyekuwa mganga, alimwona mtoto wa nungunungu aliyekuwa akihara damu na kulegea. Mnyama huyo alichimba na kula mizizi ya mmea ambao Watongwe huuita mulengelele na ambao waliuogopa kwa sumu yake, kisha akapona. Ugonjwa wa kuhara damu ulipoingia kijijini, mzee alitaka kuwapa watu mizizi ile. Walikataa hadi alipowasimulia habari ya nungunungu na kuinywa dawa mwenyewe mbele yao. Mizizi ya mulengelele ikaingia katika dawa za Watongwe na kubaki humo. Ukiyaangalia masimulizi haya kwa makini utaona yana sehemu kadhaa za jaribio: dalili zilizoangaliwa, kiumbe aliyetumia kitu, matokeo, na tahadhari ya sumu iliyojaribiwa kwanza na mjaribu mwenyewe. Kinachokosekana ni nungunungu wa pili, mwenye ugonjwa uleule, ambaye hakula mizizi.

Sokwe wa Mahale walitoa pia fundisho la namna kipimo kinavyoweza kupotea njia. Mwaka 1983 Wrangham na Nishida waliandika juu ya majani ya Aspilia, ambayo sokwe humeza mazima, moja moja, bila kutafuna. Mimea ya jenasi hiyo inafahamika Afrika kwa majeraha. Aspilia africana ya Afrika Magharibi ni maarufu kwa kukata damu, na watafiti wa Nsukka, Nigeria, walionyesha mwaka 2007 kuwa mchujo wa majani yake unafupisha muda wa kutoka damu kwa panya. Kwa hiyo lilipotangazwa mwaka 1985 kwamba majani wanayomeza sokwe yana kemikali kali iitwayo thiarubrini A, habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe. Wachunguzi wengine waliporudia hawakuikuta katika majani. Huffman na wenzake wakaonyesha kuwa majani yenye manyoya makavu, yakimezwa yamekunjwa, huwakokota minyoo nje ya utumbo kwa ukwaru wake tu. Jenasi ni ileile na sifa yake ni ileile, lakini kazi inayofanywa katika jeraha na ile inayofanywa tumboni hazina uhusiano.

Upande wa serikali, hatua iliyobadilisha mambo ilikuwa ya mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, Dar es Salaam, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Pamoja na wataalamu wa Uppsala, Sweden, watafiti wa Kitanzania walikusanya mimea ya waganga na kuichapisha katika sehemu tatu, mwaka 1982 na 1983, familia za mimea zikiwa zimepangwa kwa alfabeti. Tofauti na orodha za kale ni kwamba jina la mmea sasa liliambatanishwa na kielelezo kilichohifadhiwa na mapitio ya kemikali iliyokwisha kujulikana. Kwa mara ya kwanza mganga wa bara na maabara vilikuwa katika nchi moja, ingawa vimetengwa na safari ndefu ya treni kupita Kaliua na Tabora hadi pwani.

Katika maabara kazi huanza kwa namna ambayo mganga angeitambua. Magome hukaushwa kivulini ili yasiote ukungu, hutwangwa, hulowekwa katika maji au spiriti, huchujwa kwa kitambaa kisha kwa karatasi, na maji yanayopatikana huvukizwa polepole hadi ubaki unga. Matone machache ya kloridi ya chuma yakidondoshwa katika mchujo wenye tanini, rangi hugeuka papo hapo kuwa ya buluu iliyokaribia weusi au kijani kibichi cheusi. Baada ya hapo unga hupimwa kwa mizani, huyeyushwa kwa kiwango kinachojulikana, na kuongezwa kwenye plazma iliyotiwa joto la nyuzi 37. Tyubu nyingine hupata plazma na maji ya chumvi tu, bila dawa. Hiyo ndiyo nungunungu wa pili.

Hapa ndipo tanini inapodanganya. Ikikutana na plazma huangusha protini zake, na kilichokuwa maji ya njano huwa ukungu mzito wenye vipande. Mtu mwenye haraka ataandika kuwa damu imeganda kwa sekunde chache. Donge la kweli la fibrini ni kitu kingine: limeshikamana, linatetemeka kama uji uliopoa, na likivutwa kwa ncha ya kijiti hutoa uzi. Vipande vya tanini huzama chini na havina uzi. Namna rahisi ya kujua ni kujaribu mchujo uleule katika protini isiyoweza kuganda, kama albumini. Ukiifanya nayo iwe na vipande, basi kilichoonekana mwanzo hakikuwa kuganda kwa damu. Si kusema kwamba dawa haifai. Juu ya jeraha la wazi, utando wa protini zilizoshikwa na tanini huweza kuziba vizuri. Ila anayeandika ripoti anapaswa kujua ameona kipi.

Mbono kaburi, Jatropha curcas, umetoa mfano wa wazi kuliko yote. Hupandwa kuwa ua wa nyumba na alama ya makaburi karibu kila mahali Tanzania, na utomvu wake hudondoshwa moja kwa moja kwenye mkato mbichi. Osoniyi na Onajobi wa Nigeria walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kuupima kwa damu ya binadamu. Utomvu mzima ulifupisha muda wa kuganda. Ulipozimuliwa kwa maji, muda uliongezeka, na ulipozimuliwa zaidi damu haikuganda kabisa. Dawa moja, kazi mbili zinazopingana, na kinachoamua ni maji. Mganga anayekata kikonyo cha jani na kudondosha utomvu jerahani hayuko katika jaribio moja na mtafiti anayeyeyusha utomvu katika chupa, na matokeo ya huyu hayawezi kumhukumu yule bila kuangalia kiwango. Mbegu za mbono, kwa upande mwingine, zina sumu ya kweli, nazo huwafikisha watoto hospitalini.

Baada ya tyubu hufuata panya. Ncha ya mkia hukatwa milimita chache, na damu huguswa kwa karatasi ya kuchuja kila baada ya sekunde 15 au 30 hadi karatasi isipate doa. Ni Duke yuleyule, sikio limekuwa mkia. Dawa ikipakwa juu ya mkato hujibu swali moja, ikinyweshwa kwa siku kadhaa kabla hujibu jingine. Tafiti nyingi za mimea ya Afrika huishia hapa, na kwa haki lazima isemwe kuwa mkia wa panya ni mbali sana na chumba cha kujifungulia.

Damu inayoua wanawake wengi baada ya kuzaa haizuiwi hasa na kuganda. Hukoma kwa mfuko wa uzazi kujikaza na kuibana mishipa yake. Mfano mkubwa duniani ni ukungu unaoota kwenye nafaka ya shayiri nyeusi ya Ulaya, ambao wakunga waliutumia kwa muda mrefu. Mwaka 1935 Dudley na Moir walitoa ndani yake ergometrini, dawa inayotumika hadi leo. Haigandishi damu hata kidogo. Mti wa mkunga wa jadi ungeweza kufanya kazi hiyohiyo, na tyubu ya plazma ingeutupa nje kuwa haufai. Ungeweza pia kuua, kwa kukaza mfuko wa uzazi kabla mtoto hajatoka. Ndiyo sababu dawa za kunywa wakati wa uchungu huwatia wauguzi hofu kuliko majani ya kubandika kidoleni.

Mkoani Kigoma, jirani ya Katavi, mkoa ilipo Mpanda, tatizo la kupima damu ya uzazi nje ya hospitali lilipata jibu ambalo halikutoka maabara. Prata, Mbaruku na Campbell walieleza mwaka 2005 matumizi ya kanga kuwa kipimo. Kanga ya kawaida ina upana wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 155, na kanga mbili zikilowa zimebeba zaidi kidogo ya mililita 500, kiasi ambacho ndicho mpaka wa kuita damu ya uzazi kuwa nyingi kupita kiasi. Wakunga wa jadi walifundishwa kuwa kanga ya pili ikilowa watoe vidonge vya misoprostoli, vinavyokaza mfuko wa uzazi. Dawa iliyojaribiwa ilikuwa ya kiwandani, lakini kipimo ni cha nyumbani, na hakuna kinachozuia kitumike kwa dawa ya mti.

Kuhusu idadi ya watu wanaohitajika ili dawa ya damu ya uzazi ipimwe, jaribio la kimataifa la asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, lililotolewa mwaka 2017 linatosha kuwa mizani. Liliwahusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo. Vifo vilivyotokana na kutoka damu vilikuwa asilimia 1.5 kwa waliopata dawa na 1.9 kwa wasiopata. Tofauti hiyo inaokoa maisha mengi, lakini hakuna mkunga, daktari wala mganga ambaye angeiona kwa macho yake katika maisha yake yote ya kazi. Kwa hiyo mganga akisema dawa yake inafaa anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asiwe ametuambia kitu, na daktari anayemcheka bila hesabu yuko katika hali hiyohiyo.

Mimea inayozuia damu isigande imepimwa vizuri kuliko inayoigandisha, kwa sababu ilianza na hasara ya fedha. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani ya klova tamu yaliyooza ghalani. Karl Paul Link wa Wisconsin alitoa humo dikumaroli, na kutoka hapo ikapatikana wafarini, iliyouzwa kuwa sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuwa dawa ya moyo. Kwa vijijini Katavi mfano wa karibu zaidi ni nyoka. Sumu ya baadhi ya nyoka huharibu kuganda kwa damu, na zahanati isiyo na mashine inaweza kulijua hilo kwa mililita mbili za damu katika tyubu safi, kavu, ya kioo, iliyoachwa bila kuguswa kwa dakika 20 na kisha kuinamishwa mara moja. Ikimwagika kama maji, mgonjwa yuko hatarini. Damu ya namna hiyo haitasaidiwa na tanini juu ya jeraha.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatoa waganga katika kivuli cha sheria ya uchawi na kuwawekea Baraza la kuwasajili pamoja na dawa zao. Muuza dawa wa Majengo anayetaka chupa yake isajiliwe anatakiwa kwanza kuonyesha kuwa haidhuru. Mpangilio huo una busara: unga wa magome ulioanikwa chini na kupakwa kitovuni au kwenye jeraha unaweza kubeba vijidudu vya pepopunda hata kama unakata damu barabara.

Malighafi nayo imekuwa na masharti. Biashara ya magogo ya mkurungu ilipamba moto katika miaka ya 2010, na mwaka 2019 mti huo uliwekwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, aina zote za Pterocarpus za Afrika zikaongezwa, mninga ukiwemo. Udhibiti huo unalenga mbao kwanza, lakini mti uliokwenda kwa mbao hauna gome wala utomvu wa kupimwa, na mninga huchukua miongo mingi kukomaa. Mbono una nafuu hapo: kipande cha tawi kikichomekwa ardhini huota, na utomvu hupatikana kwa kuvunja kikonyo cha jani.